Spika ya milio na mnyama anayeamini macho yake

Swali limetoka kwa msomaji anayeishi Missoula, jimbo la Montana, Marekani, mzaliwa wa Mambasa kule Ituri, Kongo. Nalifupisha:

"Kaka, mwaka huu nimebahatika kupata leseni ya kuwinda pronghoni, yule mnyama wa mbio wa nyanda za Amerika anayefanana na swala, kwa upinde. Jirani ameniuzia spika ya kuita wanyama, ya betri, ina rimoti na milio zaidi ya mia. Kwetu babu alikuwa anabana pua na kuita mboloko, yule paa mdogo wa msituni, mpaka anamfikia miguuni, kwa hiyo kazi ya kuita si ngeni kwangu. Nielekeze: spika niiweke umbali gani kutoka nilipojificha, nipige mlio gani, na kwa sauti kiasi gani, ili dume lije?"

Ndugu yangu, hongera kwa leseni. Wapo watu waliozaliwa Montana wanaoomba mwaka baada ya mwaka na bahati nasibu inawaruka. Sasa ngoja nikujibu kabla hujafunga safari: spika hiyo iache nyumbani. Montana inakataza kutumia milio ya ndege au mnyama iliyorekodiwa, au iliyokuzwa kwa umeme, katika kuwinda wanyama wa leseni, na pronghoni ni mmoja wao. Wala usijaribu kuizunguka kanuni hiyo kwa simu. Simu inayocheza mlio kupitia kispika cha Bluetooth cha ukubwa wa kikombe ni kosa lilelile, kwa sababu kinachotazamwa ni mlio umetoka wapi, bei ya kifaa haihusiki. Na hata ukiwa nayo imezimwa ndani ya begi, siku askari wa wanyamapori akikukuta una upinde mkononi na spika mgongoni, mtakuwa na mazungumzo marefu ambayo hutayafurahia.

Kama una jamaa Boise, jimbo jirani la Idaho, na najua Wakongo wengi wa huko Missoula wanao, usidhani kuvuka mpaka kutakusaidia. Idaho nayo imezuia vifaa hivyo kwa pronghoni. Majimbo mengine kila moja lina kanuni zake, na hubadilishwa. Cha kusoma ni kijitabu cha kanuni cha jimbo lenyewe, cha mwaka huohuo. Maneno ya jirani, na yangu mimi pia, yaweke kando.

Kuna na hili la heshima. Pale pale mjini kwenu ndipo yalipo makao ya Boone and Crockett Club, chama kilichoanzishwa na Theodore Roosevelt na wenzake mwaka 1887. Hao ndio wanaotunza daftari la pembe kubwa za wanyama wa Amerika Kaskazini. Dume lililovutwa kwa chombo cha umeme halipokelewi kwenye daftari lao, hata kama pembe zake zingekuwa za ajabu. Pope and Young, wanaotunza daftari la wawindaji wa upinde, wana msimamo huohuo. Najua hukuniuliza habari za daftari, lakini ni vizuri ujue kwamba wenyeji wanalitazamaje jambo hili hata nje ya mahakama.

Hapo ningeweza kuishia. Ila swali lako lina kitu kikubwa kuliko sheria, nacho ni babu yako. Maana hata sheria isingekuwepo, bado ningekwambia spika hiyo haikufai, na sababu utaielewa haraka kuliko mzungu yeyote niliyewahi kumfundisha, kwa kuwa wewe umeona mboloko akiitwa.

Fikiria pale msituni. Babu amechuchumaa nyuma ya mzizi, amebana pua, anatoa ule mlio wa kulalamika. Mboloko anausikia. Je, anaweza kuona kinacholia? Hawezi. Mbele yake kuna majani, nyuma yake majani, macho yake yanafika hatua kumi, kumi na tano. Akitaka kujua ni nani anayelia, hana njia nyingine ila kusogea. Kwa hiyo nusu ya kazi ya babu ilifanywa na msitu wenyewe.

Sasa mtoe babu Ituri, muweke kwenye nyanda za mashariki mwa Montana. Nyasi hazifiki magotini. Vichaka vya sejibrashi, vile vya kijivu vyenye harufu kali, vinamfika kiunoni pale vilipostawi. Pronghoni amesimama kilomita moja mbali. Babu anaita. Pronghoni ananyanyua kichwa, anatazama mahali sauti ilipotoka, haoni pronghoni mwenzake. Amekwisha kupata jibu, wala hakuhitaji kunyanyua mguu. Spika yako itamwelekeza hasa mahali pa kutazama, na pale atakapotazama hakuna kitu. Kibaya zaidi, huenda akakuona wewe.

Mnyama huyu ni wa macho. Jicho lake ni kubwa kupita umbo lake, limekaa pembeni ya kichwa kiasi kwamba akiinama kula bado anaona karibu pande zote. Wawindaji wa huku wanapenda kusema anaona kama mtu mwenye darubini ya kukuza mara nane. Mimi huwa nawaachia maneno yao. Ninachokijua ni kwamba nimewahi kuinua kofia nijikune, nikiwa nimelala kifudifudi mita mia sita kutoka kwao, na kundi zima likageuka kunitazama.

Mbio zake unazijua: kilomita themanini na kitu kwa saa, na hakuna mnyama wa nchi kavu Amerika nzima anayemfikia. Wenyeji wanamwita antelopu, au kwa utani "mbuzi wa mbio". Si swala wala si mbuzi. Ukoo wake umebaki na yeye peke yake duniani, na ndugu zake wa karibu walio hai ni twiga na okapi. Ndiyo, okapi huyohuyo wa Epulu, karibu na kwenu. Mmoja alibaki kwenye giza la msitu akaota masikio kama sufuria. Mwingine uwandani akaota macho. Ukiwinda pronghoni kwa masikio unamwinda okapi mahali asipokuwepo.

Nikupe nilichokiona. Machi mmoja nilikuwa nawinda koyoti, mnyama wa jamii ya mbwa mwitu, kaskazini ya mji wa Billings, na spika, maana kwa koyoti inaruhusiwa. Nimepiga mlio wa sungura anayelia. Kwenye mgongo wa kilima, kama mita mia saba hivi, kulikuwa na pronghoni kumi na mmoja. Wote wakanyanyua vichwa kwa mara moja. Majike mawili yakaanza kushuka, na mengine yakafuata, kwa ile hatua yao ya wasiwasi, mguu juu, simama, mguu juu, simama. Nikasema moyoni, kumbe wanakuja. Walipofika mita mia tatu wakasimama kabisa. Spika inalia, wao wanaitazama. Dakika nne, labda tano. Halafu jike la mbele likapandisha zile nywele nyeupe za matakoni, zikafunguka kama mtu aliyekunjua leso juani, na wote wakazunguka upande upepo unakoelekea, wakanusa, wakaondoka. Mita mia tatu, ndugu yangu. Kwa upinde ni sawa na kuwa Missoula.

Udadisi huo si mgeni. Wawindaji wa zamani walilala nyasini wakapepea kitambaa juu ya fimbo, na pronghoni wakasogea kuangalia ni kitu gani. Hebu ona: hata hila ya kale ya kumvuta mnyama huyu ilikuwa ya kumwonyesha kitu.

Je, sauti haina kazi kabisa? Inayo, lakini ni ya kumalizia, na ni ya mdomo wako mwenyewe, ambayo sheria ya Montana haina ugomvi nayo. Hapa ndipo ujuzi wa ukoo wako utakapokufaa.

Dume la pronghoni lina mlio wa kumtukana dume mwenzake. Mimi nauita chafya ya dume. Huanza na pumzi moja kali itokayo puani, nyembamba, kama beberu aliyevuta vumbi la pilipili. Zinafuata pumzi fupifupi, sita au saba, kila moja ikishuka chini ya iliyotangulia mpaka zinazimika: hwiii-ha-ha-ha-ha-ha. Ile ya kwanza ndiyo yenye ukali, hizo za mwisho ni kama mtu anayecheka kwa dharau akiondoka. Kama umewahi kukaa na beberu wakati wa kupanda majike, nusu ya sauti hii unayo tayari. Vipo vijifilimbi vya kupuliza vinavyotoa mlio huo, vya bei ndogo, na vinaruhusiwa kwa kuwa pumzi ni yako. Mimi natumia koo tu, kwa sababu filimbi inataka mkono na mikono yangu ina upinde.

Jihadhari na jambo moja. Pronghoni ana pia pumzi moja kavu ya kuonya hatari, isiyo na mkia. Ukianza chafya ukakatika katikati kwa woga au kikohozi, umewaambia wakimbie. Kwa hiyo fanya mazoezi mpaka mkia utoke wenyewe. Rekodi za mlio huu sikiliza nyumbani kadiri unavyotaka, hakuna kosa; kosa ni kuzipiga porini. Mazoezi fanyia ndani ya gari. Mke wangu alinihamishia huko mwaka wa kwanza, na sikumlaumu.

Lini? Hesabu ni rahisi. Jike hubeba mimba siku kama 252, na watoto, mara nyingi pacha, huzaliwa mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni. Ukirudi nyuma siku 252 kutoka 1 Juni unaangukia 22 Septemba. Kwa hiyo madume ya Montana yanakuwa na wazimu kuanzia kama tarehe 10 Septemba mpaka mwisho wa mwezi, na wiki ya katikati ndiyo moto wenyewe. Ni majira yaleyale ambayo William Clark, katika ule msafara wake na Lewis wa kuipeleleza magharibi ya Amerika, alimuua pronghoni wake wa kwanza, 14 Septemba 1804, akamwandika kwenye shajara kama beberu. Kabla ya wiki hizo, chafya yako itawafanya wageuze shingo tu. Baada yake, Oktoba wenye bunduki wanapoanza, moto umeshapoa. Wewe mwenye upinde ndiye uliyepewa wiki tamu, itumie.

Lakini kumbuka yale macho. Kabla hajasikia lazima aone. Utahitaji sanamu ya pronghoni: picha ya kitambaa iliyotandwa kwenye waya, inakunjika na kuingia kwenye begi. Nunua ya dume dogo, lenye pembe zisizofika urefu wa sikio au zilizolizidi kidogo tu. Watu wanapenda kununua dume kubwa kwa kuwa linapendeza dukani. Dume lenye majike yake likiona jitu, wakati mwingine linayakusanya majike na kuyahamisha, kwa sababu vita vinaweza kulitia hasara. Likiona kijana anayenyemelea wake zake, hasira inakuja bila hesabu.

Utafanya hivi. Tafuta kwa darubini ukiwa mbali dume moja lenye majike, matatu, matano, haijalishi. Lisome kwa saa nzima. Utaliona likitembea kwenye mipaka yake, linanusa ardhi, linaparua kwa kwato, linakojoa, linaacha kinyesi, vyote mahali pamoja na kwa mpangilio uleule. Hilo lina eneo, nalo halitaki mgeni. Dume linalozurura peke yake liache kwanza.

Kisha tumia ardhi. Nyanda hizo kwa mbali zinaonekana kama chapati, ukiziingia unakuta zina mikunjo, vijito vikavu, matuta ya kukufunika ukitambaa. Vaa kinga za magoti na glavu za ngozi, maana chini kuna kakati ndogo, mimea ya miiba, zinazokaa kimya zikikusubiri. Upepo uwe unatoka kwao kuja kwako. Pua zao si za kudharau. Lengo ni kufika mita mia na hamsini hivi, wewe ukiwa bado hujaonekana. Zaidi ya mita mia tatu sanamu inakuwa doa tu, na dume litasema huyo yuko kwake.

Ukifika, tafuta wakati dume limeinama au linamfukuza jike, ndipo uisimamishe sanamu. Usiitoe ghafla dume likiwa linakutazama. Pronghoni haoti kutoka ardhini kama uyoga. Kama mko wawili, mmoja ashike sanamu na mwingine awe na mshale tayari nyuma yake. Peke yako inawezekana, ila vigingi viwe imara. Mwaka wangu wa pili dume lilikuwa linakuja mbio, mita themanini, sabini, moyo unanipiga masikioni, upepo ukaipeperusha sanamu yangu ikalala chali na miguu yake minne ya kitambaa juu. Dume lilifunga breki kwa kwato zote, vumbi likapanda. Nadhani bado linawasimulia wenzake.

Sanamu imesimama, dume limeona. Usipige kelele bado. Mtazame. Atakodoa macho, atapindisha kichwa kuonyesha lile doa jeusi la shavuni, nywele za shingo zitasimama. Kama anaanza kuja mwenyewe, nyamaza kabisa, usimfundishe kazi. Kama amesimama anasita, anatazama majike yake, anatazama sanamu, hapo ndipo chafya inapoingia: mara moja, yenye mkia wote. Subiri dakika nzima. Mara ya pili, basi. Mimi sijawahi kuona ya tatu ikileta kile ambacho ya pili ilishindwa.

Ninavyoona mimi, chafya ile inafanya kazi kwa sababu inayapa macho yake sauti iliyokosekana. Ameona kijana, sasa kijana amemtukana. Kwenye msitu wa babu, sauti ilitangulia na macho yakafuata. Huku mpangilio umepinduliwa. Ndiyo maana spika, hata ingeruhusiwa, hata ingekuwa na rekodi safi kuliko koo langu, ingekuwa inajibu swali ambalo pronghoni hajauliza.

Akija, anaweza kuja kwa kishindo. Wengine wanakimbia moja kwa moja mpaka mita thelathini, wanasimama ghafla, wanageuka ubavu. Huo ubavu ndio wako. Wengine wanazunguka wakitembea kwa miguu mikavu, sambamba na sanamu, kama majogoo wawili kabla ya kurukiana. Vuta upinde wakati kichwa chake kimefunikwa na kichaka au kimegeukia majike. Pima umbali mapema: kabla ya kusimamisha sanamu chukua kipima umbali, jua kile kichaka cha kushoto ni mita ngapi na lile jiwe ni mita ngapi, kwa sababu akija hutakuwa na muda. Kwa mtu wa mwaka wa kwanza, zaidi ya mita 35 mwache. Kifua chake ni kidogo, dume zima mara nyingi halifiki kilo sitini, na mnyama mwenye wepesi ule anaweza kuwa ameshasogea kabla mshale haujafika.

Na kama ataona sanamu, akakusanya majike na kuyapeleka nyuma ya kilima? Imeisha. Usiwafuate mbio. Kunja vitu, tafuta dume lingine. Siku moja unaweza kujaribu matatu au manne.

Usalama wa sanamu ni jambo ambalo sitalifanyia mzaha. Unatembea porini na picha ya mnyama anayewindwa. Ibebe ikiwa imekunjwa na kufunikwa kabisa, usiiweke mahali huwezi kuona nyuma yake kwa mbali, na siku msimu wa bunduki unapofunguliwa Oktoba, iweke stoo. Msimu huo Montana inamtaka mwindaji avae rangi ya chungwa inayong'aa, angalau inchi za mraba 400 juu ya kiuno, na chungwa hilo na sanamu ya kujificha nyuma yake haviendi pamoja.

Kulingana na aina ya leseni yako, msimu wa upinde unaweza kuanza katikati ya Agosti au mwanzoni mwa Septemba. Kama ni Agosti, sanamu na chafya viache, kaa kwenye maji. Mahali pakavu pronghoni wanarudi kwenye bwawa lilelile la ng'ombe, hata saa saba mchana jua likiwaka, tofauti na paa wa huku ambao hupenda giza. Simamisha kibanda cha kitambaa siku kadhaa kabla wakizoee, ingia alfajiri, uwe na maji, kitabu na chupa ya kukojolea, usitoke mpaka jioni. Ni kazi ya kuchosha kuliko zote ninazozijua, na ndiyo inayowapa wanaoanza nyama kuliko zote. Mvua ikinyesha wiki hiyo, madimbwi yatajaa kila mahali nawe utakuwa umekodi sauna bure.

Njia nyingine ambayo wageni hawaijui ni seng'enge. Mnyama anayeweza kuruka vizuri tu, lakini karibu kamwe haruki uzio: anapita chini, kwa mbio, anainama kama mtu anayeingia chini ya kitanda. Tembea kando ya uzio utazame waya wa chini. Ukikuta mahali ardhi imechimbika na nywele nyeupe zimenasa kwenye miiba, hapo ni mlango wao. Keti mita ishirini kutoka hapo, upepo ukiwa mzuri.

Kwa wewe wa Missoula, nchi ya pronghoni iliyo karibu ni upande wa Dillon, mwendo wa saa tatu hivi kwa gari. Wingi wao uko mashariki zaidi. Angalia kwanza leseni yako inakuruhusu wilaya zipi za uwindaji. Sehemu kubwa ni mashamba ya watu, na huku bila ruhusa huingii. Idara ya Samaki, Wanyamapori na Hifadhi ina mpango unaoitwa Block Management, ambapo wenye mashamba wamekubali kupokea wawindaji bila malipo. Baadhi ya mashamba unajiandikisha tu kwenye kisanduku getini, mengine unapiga simu. Ukipiga, jitambulishe kwa utulivu na useme wewe ni mwindaji wa upinde. Wenye ng'ombe wengi wanapenda kusikia neno upinde kuliko bunduki.

Nyama. Utaambiwa pronghoni ananuka na haliki. Wanaosema hivyo wamemzungusha nyuma ya gari juani nusu siku. Septemba huko mchana unaweza kufika nyuzi 28 au 30, na ile ngozi imejaa nywele nene zinazotunza joto kama blanketi. Mpasue palepale, mchune ndani ya saa moja, mapande yaingie kwenye makasha ya barafu, barafu isiguse nyama moja kwa moja ili isilowe. Tangulia kununua barafu, usingoje mpaka umepiga. Ukifanya hivyo utapata nyama laini, nyepesi, na mguu wake uliokatwa vipande vidogo kwenye sombe, majani yetu ya muhogo, ni kitu ambacho mama yako angekisifu.

Sasa ile spika. Kama jirani atarudisha hela, vizuri. Kama hatarudisha, si hasara yote. Koyoti Montana amewekwa kwenye kundi la wanyama waharibifu, mkazi hahitaji leseni kumwinda, na kwake milio ya kurekodiwa inaruhusiwa. Ingoje Januari, baridi ikiwa kali na manyoya yake yamejaa, uende na rafiki mwenye uzoefu. Kwenye orodha ya milio tafuta sungura, na mlio wa panya kwa wakati koyoti ameshakaribia. Spika iweke mita arobaini mbele yako, upande upepo unakotokea, nyuma ya kichaka. Huyo ndiye mnyama wa uwandani ambaye babu yako angemwelewa mara moja.